Kuhesabu Vijiko

Mara ya kwanza tulicheka.
Pasua, kwa Mama Ndeonasia, banda la mabati,
kiingilio mia mbili, benchi lenye misumari,
na yule msimuliaji wa kanda, sauti kavu kama pumba,
akimbatiza teja wa mji wa theluji jina la Kipara
na kumfanya aongee kama mpiga debe wa stendi.
Kipara akatapikia ndoo, banda zima likashangilia.
Kaka yangu Anaeli alicheka kuliko wote.
Au nilidhani alicheka. Kulikuwa na giza.

Mara ya pili nilimtazama mama wa Kipara.
Hasemi mengi. Anafuta meza iliyo safi.

Ya tatu mvua ilipiga bati, hatukusikia kitu,
ndipo nikaona picha ilivyojaa:
viatu vya marehemu baba bado viko mlangoni,
kalenda haijafunuliwa tangu Machi,
paka anakonda kila anapopita.
Filamu ile ni kama kihamba.
Unadhani ni migomba tu. Ingia:
chini ya migomba kuna kahawa,
chini ya kahawa magimbi,
na kando ya magimbi, usipoangalia, utamkanyaga babu
alipolazwa.

Mara ya tano nikaona vijiko.
Vimening'inia ukutani juu ya jiko, vitano.
Kipara anaingia kuomba nauli: vinne.
Dada yake anakoroga uji: vitatu.
Hakuna anayevitaja, wala kamera haivisogelei.
Vinapungua tu, nyuma ya mabega ya watu,
kama meno ya shangazi
kwenye picha za kila Krismasi.
Nikamgusa Anaeli. Umeona?
Akajibu bila kugeuka:
"Mimi niliviona siku ya kwanza."

Usiku ule nilifungua kabati letu.
Vijiko vya harusi ya mama, ua la waridi mpinini,
vilikuwa kumi na viwili.
Nikahesabu saba.
Nikarudia, kama mtu anayerudia filamu
akitumaini safari hii mwisho utageuka.
Saba.
Mama alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani.
"Hesabu hiyo naijua," alisema. "Kalale."

Yaliyofuata siyasimulii yote:
redio, mbuzi wa Pasaka, simu ya shangazi Aikande,
asubuhi alipookotwa nyuma ya soko la Mbuyuni
jua likiwa limemkalia kifuani.
Na arosto, jamani.
Kwenye filamu arosto ni dakika nne, na zeze linalia.
Kwetu ilikuwa siku kumi na moja,
na zeze letu lilikuwa mashine ya jirani ikisaga mahindi.

Kuna mahali pamoja sijapajua hadi leo.
Karibu na mwisho dada anainama kitandani,
anamnong'oneza Kipara sikioni,
na Kipara, kwa mara ya kwanza, anakubali maji.
Palepale msimuliaji anatia mzaha wa kunguni.
Mara tisa nimeketi pale, mara tisa kunguni.
Nilimwomba Mama Ndeonasia kanda isiyosimuliwa.
Akacheka: "Na lugha yao utaielewa?"

Siku hizi nampeleka Anaeli hospitali alfajiri,
foleni ya kikombe kidogo.
Mlima ukijifunua anautazama sana.
"Theluji yao ilikuwa nyingi kuliko yetu," anasema.
Siku nyingine hasemi.

Jana kikombe kilitetemeka mkononi mwake,
nesi akageuza uso, foleni ikanyamaza.
Nikamwinamia sikioni, nikafungua mdomo,
nikamngoja yule dada wa mji wa theluji anitangulie.
Hakutangulia.
Nikasema: "Jioni mama anapika mtori."

Akanywa. Akafuta mdomo kwa mkono wa shati.
"Tutaula kwa kijiko gani?" akauliza.